Kranberi humfaa nani?

Mwaka 2012 wataalamu wa Cochrane, mtandao wa kimataifa unaokusanya tafiti za tiba na kuzipima upya kwa pamoja, walitoa uamuzi kuhusu kranberi. Walipitia tafiti 24 zenye washiriki 4,473, wakasema ushahidi kwamba juisi yake huzuia UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, ni hafifu na hawawezi kuipendekeza. Madaktari wengi wakaona mjadala umefungwa. Aprili 2023 mtandao huohuo ulirudi na tafiti 50 na washiriki 8,857, na safari hii ukasema ndiyo: kranberi inazuia UTI kwa baadhi ya watu, tena kwa kiwango kinachoonekana.

Tunda halikubadilika katika miaka hiyo kumi na mmoja. Tafiti ziliongezeka, na zilipoongezeka ikawezekana kuwatenganisha watu. Mwanamke kijana anayeugua mara tatu kwa mwaka akawekwa kando na ajuza wa miaka 86 anayeishi katika makao ya wazee. Mtoto akawekwa kando na mjamzito. Walipokuwa wamechanganywa wote katika hesabu moja, faida ya wachache ilimezwa na wengi wasiofaidika. Kwa hiyo mtu anayeuliza kama kranberi inafanya kazi hapati jibu la maana mpaka aseme anamuulizia nani. Muuzaji dukani hatamuuliza hilo.

Kranberi ni tunda dogo jekundu, kipenyo chake kati ya sentimita moja na mbili. Mmea wake hutambaa kwenye vinamasi vya Amerika Kaskazini, penye udongo wa tindikali na mchanga. Wenyeji wa huko, wakiwamo Wawampanoag wa Massachusetts, walikula tunda hilo na kulitumia kama dawa karne nyingi kabla ya Wazungu kufika. Kilimo chake kilianza mwaka 1816 katika mji wa Dennis, rasi ya Cape Cod, pale Henry Hall, aliyewahi kupigana vita vya uhuru wa Marekani, alipogundua kwamba mimea iliyofunikwa na mchanga uliopeperushwa na upepo inazaa vizuri zaidi. Leo jimbo la Wisconsin peke yake hutoa zaidi ya nusu ya kranberi zote za Marekani. Wakati wa mavuno mashamba hujazwa maji, mashine huyatikisa matawi, na matunda, kwa kuwa ndani yana vyumba vya hewa, huibuka na kuelea. Uwanja mzima hugeuka mwekundu. Picha hiyo ndiyo inayouza chupa.

Mdomoni habari ni nyingine. Kranberi mbichi ni chachu na chungu kwa pamoja, na ni wachache wanaoweza kuinywa juisi yake halisi bila kukunja uso. Ndiyo sababu kinachouzwa kwa wingi ni mchanganyiko: maji, sukari, na sehemu ndogo ya juisi yenyewe, mara nyingi asilimia 27 hivi. Glasi moja ya mchanganyiko huo ina zaidi ya gramu 20 za sukari. Kwa mgonjwa wa kisukari, ambaye tayari ana hatari kubwa zaidi ya kupata UTI, hiyo ni tiba ya ajabu kidogo.

Kwa sehemu kubwa UTI huanzia kwenye utumbo wa mgonjwa mwenyewe. Bakteria E. coli, mkazi wa kawaida wa utumbo, ndiye chanzo cha takribani visa vinane katika kila kumi vya UTI ya kawaida. Hutoka njia ya haja kubwa, akaingia mrija wa mkojo na kupanda mpaka kwenye kibofu. Kwa mwanamke mrija huo una urefu wa sentimita nne tu, na mlango wake uko jirani na njia ya haja kubwa. Kwa mwanamume safari ni ndefu mara kadhaa. Ndiyo maana karibu nusu ya wanawake huugua UTI angalau mara moja maishani, na ndiyo maana ile lawama ya uchafu wanayobebeshwa haina msingi. Wengi wanaougua mara kwa mara ni wasafi kama wengine. Baadhi hata hujidhuru kwa usafi uliopitiliza, wakijiosha ndani kwa sabuni na vimiminika vya manukato, hivyo kuwaua bakteria wema wanaoulinda uke.

Akishafika kwenye kibofu, bakteria hana budi kushika ukuta, la sivyo mkojo utamtoa nje. Mwilini ana vinyweleo vyembamba vyenye ncha za kunasa, navyo hung'ang'ania ukuta wa kibofu kama kishonanguo kinavyong'ang'ania suruali ya mtu aliyekatiza shambani. Hapo ndipo kranberi inapoingia. Haiui bakteria. Kwa kadiri maabara zilivyoonyesha, inamzuia asinase.

Maelezo hayo hayakupatikana upesi. Mwaka 1914 mwanasayansi Mmarekani aitwaye Blatherwick aliandika kwamba kula kranberi huongeza tindikali katika mkojo, na kwa miongo mingi madaktari wakaamini kuwa tindikali hiyo ndiyo inayowashinda vimelea. Nadharia ilikuwa nzuri, ila ili mkojo ubadilike kiasi cha kuwasumbua bakteria mtu angelazimika kunywa juisi kwa wingi usionyweka. Mwaka 1984 Anthony Sobota wa Chuo Kikuu cha Youngstown State huko Ohio aliiweka tindikali kando, akachunguza kule kunasa kwenyewe, na kuona kwamba juisi inapunguza sana kunasa huko. Mwaka 1991 timu ya Itzhak Ofek nchini Israel ikajaribisha juisi za matunda saba. Orodha yake itamvutia msomaji wa huku: embe, pera, nanasi, chungwa na balungi vilikuwamo. Sukari ya asili iliyomo katika matunda yote hayo iliweza kuzuia aina moja ya vinyweleo. Aina ya pili, ile inayohusishwa zaidi na bakteria wanaopanda hadi kwenye figo, ilizuiwa na kranberi na ndugu yake buluberi tu.

Miaka saba baadaye Amy Howell na wenzake wa Chuo Kikuu cha Rutgers, New Jersey, wakakitaja kiungo chenyewe: proanthosianidini. Kemikali hizi zimo pia katika zabibu na kakao, lakini za kranberi zina muundo wa aina A, ambao si wa kawaida katika vyakula vingi. Tangu hapo kipimo cha miligramu 36 za proanthosianidini kwa siku kimekuwa kama rula ya wanaotengeneza kapsuli, na tafiti kadhaa zimekitumia. Limebaki fundo moja. Kiasi cha kemikali hizo kinachopenya utumbo na kufika kwenye mkojo ni kidogo mno, na huenda kazi inafanywa na mabaki yake baada ya kuvunjwavunjwa na bakteria wa tumboni. Juisi ilianza kuuzwa kwa maelezo ya tindikali, ikaendelea kwa maelezo ya kunasa, na siku maelezo yatakapobadilika tena sidhani kama mauzo yatatetereka.

Maabara ni jambo moja, kibofu cha binadamu ni jingine. Jaribio kubwa la kwanza lililosikika duniani lilichapishwa mwaka 1994 na Jerry Avorn na wenzake wa Boston. Wanawake wazee 153 walipewa mililita 300 za kinywaji kila siku kwa miezi sita, nusu yao cha kranberi, nusu kinywaji kinachofanana nacho rangi na ladha lakini kisicho na kranberi. Sampuli za mkojo zenye bakteria na usaha zilikuwa asilimia 28 kwa waliokunywa kinywaji cha bandia na asilimia 15 kwa waliokunywa cha kweli. Tofauti kubwa. Lakini tazama kilichohesabiwa: bakteria na usaha katika sampuli. Hawakuhesabu maumivu, homa, wala usiku wa kuamka mara nane kwenda chooni. Wazee wengi hubeba bakteria kwenye mkojo bila kuugua, na madaktari hawashauri kuwatibu.

Mwaka 2016 Manisha Juthani-Mehta wa Chuo Kikuu cha Yale akarudi kwa wazee wa aina hiyo, sasa wakiwa wadhaifu zaidi: wanawake 185 katika makao ya wazee 21 ya jimbo la Connecticut. Hawakupewa juisi. Walipewa kapsuli mbili kila siku kwa mwaka mzima, zenye miligramu 72 za proanthosianidini, yaani mara mbili ya ile rula. Mwishoni makundi yote mawili yalikuwa na karibu asilimia 29 ya sampuli zenye bakteria na usaha. Kranberi haikusogeza kitu. Kwa wazee wanaoishi katika makao, mapitio ya 2023 yamekubaliana na Connecticut.

Ila mapitio hayo yamewatoa watu wa aina tatu kwenye shaka. Wanawake wenye UTI inayojirudia walipunguza hatari yao kwa asilimia 26. Watoto waliipunguza kwa asilimia 54. Watu waliokuwa hatarini kwa sababu ya matibabu fulani, kwa mfano mionzi ya saratani eneo la nyonga, waliipunguza kwa asilimia 53. Kilichohesabiwa hapa ni ugonjwa wenye dalili uliothibitishwa maabara, si bakteria waliotulia. Wajawazito hawakuonekana kufaidika, wala watu ambao kibofu chao hakimwagi mkojo wote.

Asilimia 26 ni nini hasa? Tuseme kati ya wanawake mia moja wanaougua mara kwa mara, thelathini wangeugua tena katika kipindi fulani. Wote mia wakitumia kranberi, wataugua ishirini na wawili hivi. Wanane wameokoka. Sabini wangekuwa salama hata bila hiyo kranberi, na ishirini na wawili wameinywa na wakaugua hata hivyo. Hakuna anayeweza kujua yumo katika kundi gani, ndiyo maana kila famasi ina mteja anayeapa kwamba imemponya na mwingine anayeapa kwamba ametapeliwa, na wote wawili wanasema kweli yao.

Fedha nazo zina sauti. Utafiti wa Boston ulifadhiliwa na Ocean Spray, chama cha ushirika cha wakulima wa kranberi kilichoundwa mwaka 1930. Ushirika huohuo ndio ulioiomba mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, iruhusu lebo zitaje UTI. Julai 2020 FDA iliruhusu, kwa sharti ambalo mfanyabiashara yeyote angelitamani liandikwe kwa herufi ndogo kabisa: lebo ya kinywaji iseme kwamba ushahidi ni mdogo na hauwiani. Ruhusa inawahusu wanawake wenye afya waliowahi kuugua UTI, na inataka mililita 240 za kinywaji chenye angalau asilimia 27 ya juisi ya kranberi kila siku, au miligramu 500 za unga wa tunda. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilikuwa imelijibu ombi la ushirika huo mwaka 2009, ikasema uhusiano wa chanzo na matokeo haujathibitishwa. Sioni kwamba ufadhili peke yake unatosha kuutupa utafiti. Unatosha kutufanya tuusome mara mbili.

Maana hata maji yana mfadhili wake. Mwaka 2018 Thomas Hooton na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio lililofanyika Bulgaria kwa fedha za Danone, kampuni inayouza maji ya chupa. Wanawake 140 wenye UTI inayojirudia, ambao walikuwa wakinywa chini ya lita moja na nusu kwa siku, waligawanywa: nusu waongeze lita moja na nusu ya maji kila siku, nusu waendelee na mazoea yao. Katika mwaka mmoja walioongeza maji waliugua wastani wa mara 1.7, wenzao mara 3.2. Hiyo ni karibu nusu. Kampuni ilitumia maji yake, lakini kibofu hakisomi chapa. Maji ya bomba yaliyochemshwa yanatoka kwa njia ileile.

Nikiambiwa nichague pa kuanzia kwa mwanamke wa Dar es Salaam, Mombasa au Kampala anayeugua kila baada ya miezi miwili, nitaanza na hayo maji. Kranberi kwetu husafiri bahari mbili kabla ya kufika rafuni, na bei yake inalingana na safari hiyo. Hapa wapo watakaosema: tuna choya. Ni kweli juisi ya choya ni nyekundu na chachu, na wekundu wa mimea hiyo miwili unatokana na kemikali za ukoo mmoja. Hata hivyo choya haijapita kwenye majaribio kama haya, na rangi sicho kiungo kilichotajwa na Howell. Mtu anywe choya kwa kuipenda, ikiwezekana bila lundo la sukari, na maji yaliyomo humo yatamsaidia. Hivyo hivyo kwa madafu.

Kwa mwanamke aliyekoma hedhi kuna jambo lisilosemwa vya kutosha. Homoni ya estrojeni ikipungua, ukuta wa uke hubadilika na bakteria walinzi huondoka. Mwaka 1993 Raul Raz na Walter Stamm walichapisha jaribio la wanawake 93 waliokoma hedhi: waliopaka krimu ya estrojeni ukeni waliugua wastani wa mara 0.5 kwa mwaka, wasiopata estrojeni mara 5.9. Hakuna juisi iliyowahi kukaribia tofauti hiyo. Krimu hiyo huandikwa na daktari, na mama wa miaka sitini anaona haya kuizungumzia mbele ya kijana wa zahanati, basi ananunua chupa nyekundu.

Na ile inayoitwa UTI sugu? Mabango yako kila kituo cha daladala, na wauza dawa za mitishamba hawalali. Mradi wa HATUA, uliowashirikisha watafiti wa Kenya, Tanzania na Uganda, ulichunguza maelfu ya watu waliofika hospitalini wakiwa na dalili za UTI. Mkojo ulipooteshwa maabara, wengi wao hawakukutwa na bakteria wa kulaumiwa. Na kwa waliokutwa nao, usugu dhidi ya dawa za kila siku ulikuwa mkubwa. Ina maana watu wengi wanameza antibayotiki kwa ugonjwa ambao hawana, na wale walionao wanameza ambazo hazifanyi kazi. Mkojo unaochoma unaweza kuwa kisonono au klamidia. Damu kwenye mkojo kwa kijana wa Pemba au Unguja inaweza kuwa kichocho, na hicho kinatibiwa kwa prazikwanteli. Anayejitibu kwa kranberi katika hali kama hizo anampa adui muda. Mgonjwa ambaye amerudiarudia dozi ana haki ya kuomba mkojo wake uoteshwe na kupimwa ni dawa gani inayowaua wadudu wake, badala ya kukubali karatasi nyingine iliyoandikwa mkojo mchafu.

Mwenye homa, kutetemeka na maumivu ya kiuno upande wa nyuma aende hospitali siku hiyohiyo, maana hapo maambukizi yamefika kwenye figo. Mjamzito vilevile, hata kama mkojo unachoma kidogo tu. UTI isiyotibiwa huweza kumletea uchungu kabla ya wakati. Mwanamume mwenye UTI apimwe kwanza, kwa sababu kwake si ugonjwa wa kawaida na mara nyingi kuna kitu kinachoziba njia. Mtu anayetumia warfarini ya kuzuia damu kuganda amwambie daktari kabla hajagusa kranberi. Uingereza ilitoa tahadhari kuhusu mchanganyiko huo tangu mwaka 2003. Aliyewahi kupata mawe kwenye figo aulize pia.

Anayebaki ni yule mwanamke wa mapitio ya 2023: mzima, si mjamzito, UTI yake imethibitishwa maabara na inamrudia, anakunywa maji ya kutosha na bado anaugua. Huyo akiamua kujaribu, achukue kapsuli au juisi isiyo na sukari, na asome nyuma ya kopo kama kiasi cha proanthosianidini kimeandikwa. Makopo mengi hutaja uzito wa unga tu, ambao hausemi lolote kuhusu kiungo kinachotakiwa. Ameze kila siku, maana athari yake kwenye mkojo hufifia ndani ya saa ishirini na nne, na aandike kwenye kalenda kila anapougua. Baada ya miezi sita ahesabu. Ikiwa idadi ni ileile ya zamani, aache kununua na arudi kwa daktari na kalenda yake mkononi.